Samaki wa Kongo Waliobebwa Mgongoni

Jumatano moja, saa tano na nusu asubuhi, lori la samaki lilikufa Mugutha. Saa naijua kwa sababu Bwana Wekesa alikuwa na saa ya mkono na alipenda sana kuulizwa. Siku naijua kwa sababu nilikuwa msichana wa kuandika kila kitu kwenye daftari, hasa yale niliyoona haya kuyasema kwa mdomo. Mwaka sitautaja. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na aliyeuishi wakati huo haulizi ulikuwa mwaka gani.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya utafiti wa samaki mmeniomba niwaeleze jinsi nchi zilivyoshirikiana zamani. Najua mnategemea niwape majina ya mikutano na mikataba. Hayo yako maktaba, nendeni mkasome. Mimi nitawaambia ni nani alibeba maji.

Kituo chetu kilikuwa upande wa Juja, kati ya Ruiru na Thika. Kilikuwa na mabwawa machache yaliyochimbwa kando ya mto, na nyumba moja ya mabati. Msidhani ni nchi mnayoijua ninyi. Pale Kamakis mnapokula nyama choma Jumapili hapakuwa hata na jina. Na Mugutha, penye nyumba za kupangisha leo, palikuwa na kijiji cha amri: watu wametolewa kwenye mashamba yao wakapangwa nyumba zimebanana, mtaro mrefu umezunguka, lango moja linafunguliwa na kufungwa kwa filimbi. Mimi nilikuwa nakaa humo na Cucu wangu, mama yake mama. Baba alikuwa kizuizini. Karo ilikatikia hapo, nikiwa nimemaliza Fomu Tu, kidato cha pili.

Kila mwanamke wa kijiji alipimiwa sehemu ya mtaro ya kuchimba, kila siku, bila malipo. Aliyekuwa na kazi na pasi ya kazi ndiye aliyesamehewa. Sasa mnaelewa kwa nini niliitaka ile kazi ya samaki, mimi ambaye kwetu samaki alikuwa ndugu ya nyoka. Mkikuyu wa wakati huo hakula samaki, hakumshika, wala hakupenda kukaa karibu na aliyemshika. Jioni ya kwanza nilipotoka mabwawani, Cucu alinisimamisha nje akanisugua mikono kwa majivu mpaka ikawaka.

"Umeshika?" akaniuliza.

"Nimeshika, Cucu."

"Walikuuma?"

"Hapana."

"Bado hawajakujua," akasema.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Wekesa, Mbukusu, mtu wa kucheka na mashavu yote. Alikuwa ametumwa Jinja kwa watafiti wa ziwa akarudi na ujuzi wa kusafirisha samaki hai. Makosa yake mwenyewe ndiyo alifundishia. Alinionyesha jinsi ya kutambua ngege, yaani tilapia, dume na jike: unamlaza chali kwenye kiganja kilicholowa, unafuta tumbo kwa kidole gumba, unatazama matundu karibu na pezi la nyuma. Dume ana mawili, jike ana matatu. "Nilipoanza," akaniambia, "nilitenga madume watupu kwenye bwawa moja. Nilijisifu mwezi mzima. Mwezi wa pili madume wangu wakazaa." Tangu hapo nilimwamini kabisa. Mtu asiyewaambia makosa yake, msimfuate kwenye maji marefu.

Na hilo la kuzaa ndilo lililoleta samaki wa Kongo. Ngege wetu walizaana kama panya, bwawa likajaa, wote wakabaki wadogo kama kidole. Watafiti wa Kongo walikuwa na ngege wa aina nyingine, mla majani, ambaye alinenepa vizuri kule kwao. Sisi tulikuwa na mabwawa ya nchi ya baridi ya kumjaribia. Watu wa Uganda walikuwa na ujuzi wa safari. Wakakubaliana: Kongo itoe samaki, Uganda itoe mafunzo, Kenya itoe maji, na matokeo yaende kwa wote watatu, yawe mazuri au mabaya. Hata leo ushirikiano wa utafiti mkiuvua nguo mtakuta ni hayo tu. Na hilo la "au mabaya" ndilo gumu kuliko yote.

Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza. Watu walimwita Bwana Samaki. Mtaalamu aliyewaleta samaki alikuwa Mbelgiji, naye tukamwita Bwana Kongo. Mwingereza hakujua Kifaransa cha maana, Mbelgiji hakujua Kiingereza cha maana. Basi sayansi ilifanyika kwa Kiswahili. Mmoja anasema, "Hii samaki nataka maji moto?" Mwingine anajibu, "Hapana moto mingi, inapenda mayi ya katikati." Baadaye maishani nimekaa kwenye kumbi zenye wakalimani na vidude vya masikioni, lakini mkutano wa kwanza wa kimataifa niliouona uliendeshwa kwa Kiswahili, na ndani hapakuwa na hata mtu mmoja aliyezaliwa nacho.

Wiki moja kabla ya safari, Bwana Samaki aliniita ofisini. Nilikuwa kwa majaribio. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Samaki ya Kongo kufika mzima, kazi yako iko. Samaki kufika kufa, hapana kazi ya mtu. Mimi pia." Wakubwa wake Nairobi walikuwa wamechoka kutoa pesa kwa mabwawa ya samaki mahali ambapo watu hawali samaki. Walimpa nafasi hii moja. Nilirudi nyumbani nikaandika: *Samaki wakifa, mimi ni wa mtaro.*

Basi turudi Mugutha. Samaki walikuwa wamekuja kwa ndege mpaka Nairobi, ndani ya mikebe ya maziwa, ile mirefu ya bati yenye mabega. Lorini tulikuwa dereva, Bwana Kongo, Bwana Wekesa na mimi. Kazi yangu na Wekesa ilikuwa kuchota maji ya mkebe kwa kata na kuyamwaga tena humohumo kutoka juu, ili yaingie hewa. Ninyi mna mifuko ya plastiki na mitungi ya oksijeni. Unafunga, unalala, unaamka Kisumu. Sisi oksijeni ilitoka mabegani.

Gia ilivunjika. Dereva akashika njia kwa miguu kwenda Ruiru kutafuta msaada. Siku hiyo kulikuwa na msako, barabara zimefungwa, hata lori la mkonge halikupita. Bwana Kongo alisimama barabarani mkono juu, amekuwa mwekundu kwa jua. Tuliiteremsha mikebe tukaiweka kivulini, kando ya njia ya kwenda lango la kijiji chetu. Wekesa akasema tushuke mtoni tupime maji, tuone kama yanafaa kuongezwa. Alikuwa na msemo wake: samaki hana koti. Ukimtoa maji ya joto ukamtia ya baridi kwa mara moja, anakufa hapohapo huku unamtazama.

Tulikaa mtoni kwa muda mfupi tu. Lakini huo ndio muda wanawake walioenda nyumbani kunywa uji walikuwa wanarudi mtaroni, na Cucu alikuwa mmoja wao.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa nimemwambia Cucu, siku nyingi kabla, kwamba wageni wanakuja kutoka Kongo kwa ndege. Alikumbuka. Akaiona mikebe, akachungulia, akawaona. Na kwetu, mgeni aliyetoka mbali hapiti mlangoni kwako bila kuonja kitu. Haijalishi ni nani. Haijalishi una nini. Wakati ule unga ulikuwa haba kijijini. Tulikuwa tunaukoroga mwepesi hadi unaona chini ya sufuria. Cucu alirudi nyumbani akachukua konzi moja ya unga wa mtama, akaja akaunyunyiza kwenye mkebe uliokuwa karibu na njia.

Tuliporudi alikuwa amesimama pale anawatazama, ameridhika.

"Hawa walikuwa na njaa sana," akaniambia. "Tazama vile wamefungua midomo."

Wekesa alitazama mara moja tu. Maji ya mkebe ule yalikuwa yamegeuka meupe, na samaki wote wako juu wanavuta hewa kwa midomo.

Hapa niwape somo, maana mtaulizwa. Samaki wa safari hapewi chakula. Unamlaza njaa kabla ya kuondoka, na njiani humpi hata chembe. Akila anachafua maji, na asipokula, unga wenyewe unaoza na kula ile hewa aliyopaswa kuivuta. Njaa ndiyo nauli yake. Kwenye bwawa lenye maji mengi, konzi ya unga ni sikukuu. Kwenye mkebe ni sumu.

Bwana Wekesa hakumwambia Cucu neno baya. Alivua kofia. "Mama," akasema, "umetenda vizuri. Lakini hawa ni kama mgonjwa wa hospitali, hawaruhusiwi kula."

Nikamtafsiria Cucu, akaelewa hapohapo. Alishusha macho kwenye mkebe, kisha akanigeukia. "Wakifa?"

Sikuweza kumdanganya. "Wakifa wote, Cucu, mimi narudi mtaroni. Na kituo kinafungwa."

Bwana Kongo alikuja mbio. Aliingiza mkono kwenye mkebe wa unga, akanusa. "Hii mayi iko mubaya," akasema. Akagusa na mikebe mingine. Ilikuwa bado mizuri, lakini imeanza kupata joto. Akasema tuwagawe samaki: maji mengi, samaki wachache kila chombo, na chombo kitembezwe, kisikae. Maji yaliyotulia yanawaua. Lakini vyombo viko wapi, na nani wa kuvitembeza?

Jibu lilikuwa limesimama mbele yetu na majembe. Kila mwanamke wa kijiji kile alikuwa na debe la maji na mũkwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, mzigo ukakaa mgongoni. Na mwanamke anayepanda kilima na debe mgongoni hatembei kama lori. Maji yanacheza nyuma yake njia nzima, kidogo kidogo, bila kumwagika. Nilimweleza Wekesa. Nilimweleza kwa sauti ndogo sana, akanifanya nirudie. Kisha Wekesa akasema, "Mwambie yule."

Yule alikuwa hedimani, mkubwa wa kijiji, mwenye koti la kaki na filimbi, anayekuja kuuliza kwa nini wanawake wamesimama.

Lazima mjue mimi nilikuwa mtu wa namna gani. Shuleni mwalimu akiniuliza jina nilikuwa najibu Nyokabi huku naficha mdomo kwa mkono. Hedimani nilikuwa sijawahi kumsemesha. Nilikuwa nampisha njia tu. Lakini niliutazama ule mkebe mweupe nikaona hawana muda wa kungoja haya zangu ziishe.

"Bwana hedimani," nikasema, "tunaomba wanawake watusaidie kubeba samaki mpaka mabwawani."

"Leo ni mtaro."

"Samaki watakufa."

"Nani hapa hula samaki?" akawageukia wanawake. "Wewe unakula? Wewe?" Wanawake wakacheka chini chini.

"Si wa kula, bwana. Ni wa serikali tatu. Kongo, Uganda na hii yetu."

"Na wakifa, hizo serikali tatu zitamwuliza nani?"

"Zitaniuliza mimi," nikasema. "Nami nitaulizwa walifia wapi."

Aliitazama mikebe, akamtazama Bwana Kongo, kisha akanitazama kama mtu aliyeumwa na kifaranga. "Waende," akasema. "Lakini anayeenda leo, kesho atachimba sehemu mbili. Mimi nimesema."

Nilidhani hapo ndipo mambo yataishia. Nani atabeba nyoka wa maji mgongoni, halafu alipe kwa jasho la kesho? Wanawake walitazamana. Cucu akaweka jembe lake chini.

"Mimi ndiye niliwalisha," akasema. "Mimi nitawabeba."

"Cucu wa Nyokabi," mwanamke mmoja aitwaye Njeri akamwambia, "utabeba nyoka mgongoni?"

"Nilimbeba baba yako kwa mgongo huu akiwa mtoto, na yeye alikuwa anauma."

Wakacheka, na kicheko kikawasukuma. Mmoja akaenda kuleta debe, kisha mwingine, kisha wote.

Mimi nilisimama langoni nikinusa kila debe. Debe lililowahi kubeba mafuta ya taa, hapana. Debe lililooshwa kwa sabuni, hapana. Njeri alikuja na la kung'aa kama kioo, alilisugua kwa sabuni asubuhi hiyohiyo, na nilipolikataa alikasirika. "Debe langu ndilo safi kuliko yote ya hapa," akasema. Nikamwambia ndiyo shida yake. Akaazima la mama mkwe wake lenye kutu, akawa analishika kwa vidole viwili.

Maji yalikuwa ya mto, ya asubuhi, yamekaa nyumbani yakapoteza baridi. Wekesa akafundisha, na hapa hakupata shida, kwa sababu ni vile vile wanavyopima maji ya kumwogesha mtoto: unatia kiwiko. Ongeza kikombe, ngoja, tia kiwiko. Ongeza tena. Tuliwahamisha samaki kwa mikono iliyolowa. Nikasikia Njeri akiuliza kama wakiruka wataingia ndani ya nguo. Bwana Kongo akamwambia kwa heshima yote, "Hapana, mama, beko na haya kama huyu binti." Alitaka kusema wana haya, na binti nadhani ni mimi.

Juu ya kila debe wakaweka kifungu cha majani mabichi, kama wanavyoweka siku zote, ili maji yacheze bila kumwagika. Bwana Kongo aliona akatabasamu. "Bamama ya kwetu banafanya hivi pia. Lakini kwa kichwa." Kisha akaomba debe lake. Aliuvaa mũkwa kama kofia, juu ya nywele, akasimama wima, na maji yote ya juu yakamshukia shingoni. Sijawahi kusikia wanawake wa kijiji kile wakicheka vile, si kabla wala baada ya siku ile. Njeri alimsogezea ukanda ukakaa kwenye paji, akamkunja mgongo kwa kiganja. "Inama, mzungu. Mzigo hubebwa ukiwa umeinama." Akainama, akabeba mpaka mwisho, ingawa alitembea kama anayetafuta sindano.

Cucu hakutaka debe la samaki wazima. Alitaka wale wa mkebe wa unga. Tuliwatia maji mapya, na wengine walikuwa tayari wamepinduka tumbo juu. Aliwabeba hivyo hivyo.

Tulishuka mabonde mawili. Mstari wa wanawake, askari mmoja wa kijiji nyuma na bunduki, mimi na Wekesa tukikimbia huku na huku na kata. Kila tulipopumzika, maji yalichotwa na kumwagwa kutoka juu. Wakati wa kupumzika Cucu hakuketi. Aliuliza kila mara, "Wangu wako aje?" Nikifungua majani nilimwambia ukweli. Wengine wamekufa. Wengine bado. Akiambiwa "bado," anainuka kabla ya wote.

Mabwawani Bwana Samaki alikuwa na wageni kutoka Uganda, wameketi na chai inayopoa. Walikuwa wanangoja lori. Wakaona majani yanakuja.

"Wapi lori?" akauliza.

Bwana Wekesa akasimama vizuri. "Lori limekufa, bwana. Samaki hawajafa."

Tuliyaacha madebe yaelee bwawani mpaka joto la maji likalingana, kisha tukayainamisha polepole. Wale samaki wakatoka mmoja mmoja, wakasimama kidogo, wakaingia chini. Wanawake waliokuwa wakiogopa kuwashika walikuwa wamepiga magoti ukingoni wakiwahesabu wa debe lao, na kubishana wa nani wameenda kwa nguvu zaidi. Wa Cucu walitoka mwisho. Wengi wao walikuwa wamekufa, hatukuwamwaga. Walio hai walikaa ukingoni kwa muda, kisha nao wakaenda.

Bwana Samaki alichukua mmoja aliyekufa, akamtazama matamvua. Akauliza kwa nini hawa peke yao. Wekesa akanitazama. Bwana Kongo akanitazama. Cucu hakuelewa Kiswahili kile, lakini alielewa kidole cha Bwana Samaki kilipoelekea samaki wake.

Ningeweza kusema ni jua. Hakuna ambaye angenipinga. Lakini mwenye kutoa samaki alikuwa amesimama pale, na aliyetoa mafunzo, na tuliahidiana matokeo yaende kwa wote, mazuri au mabaya. Nikasema, "Walipewa unga njiani, bwana. Waliowapa wana unga kidogo sana nyumbani. Ni desturi, mgeni lazima ale."

Bwana Kongo akasema polepole, "Hata kwetu iko hivyo. Ile mambo tulisahau kuandika."

Na hapo, watoto wangu, niliona kazi hii ni nini. Hawakugomba. Walianza kuuliza. Unga gani? Konzi moja au mbili? Maji yalibadilika baada ya muda gani? Samaki walipanda juu kabla ya maji kuwa meupe, au baada? Wale wa Uganda wakatoa kalamu. Mimi ndiye niliyejibu, mimi niliyekuwa naficha mdomo kwa mkono, na kila jibu lilipokuwa kwa Cucu, nilimwuliza kwa Kikuyu nikarudisha. Cucu akajibu wasomi wa nchi tatu mpaka chai ikaletwa nyingine. Baadaye, kwenye maelekezo ya kusafirisha samaki yaliyopelekwa pande zote, waliongeza neno moja: mikebe isiachwe bila mlinzi njiani, si kwa ajili ya wezi, bali kwa ajili ya watu wakarimu. Wekesa alicheka mpaka akavua saa yake ili isilowe machozi.

Nimefanya mengi tangu hapo. Nimekuwa Mombasa kwenye meli za utafiti pamoja na Wahindi, Wanorwei na Warusi, tukitoa vijiwe vidogo vya sikio la samaki na kusoma umri wake kwenye duara zake, kama shina la mti. Tulikuwa tunapeleka jiwe la kushoto nchi moja na la kulia nchi nyingine, kila mtu asome bila kumwona mwenzake, kisha tulinganishe. Wakitofautiana hatukuuliza nani mjinga. Tuliuliza nuru ilikuwaje, jiwe lilikatwaje. Hilo sikulijifunza baharini. Nilijifunza kando ya bwawa la Juja.

Kabla hatujaondoka, Bwana Samaki aliniambia, "Kesho wewe kuja. Kazi iko." Alisema hivyo tu, nikatosheka. Nilitembea na wanawake kurudi kijijini, madebe matupu yakigongana, tukiwahi lango. Walikuwa wamechoka. Hakuna aliyetaja sehemu mbili za kesho. Njeri alikuwa bado anasimulia vile alivyomkunja mzungu.

Cucu alilala bila kula. Alisema mgongo unamwambia maneno.

Asubuhi iliyofuata, filimbi ilipolia, nilimwacha Cucu amelala, nikachukua jembe lake nikatoka nalo. Hedimani alikuwa mtaroni anapima kwa fimbo.

"Wewe una pasi ya kazi," akaniambia. "Unataka nini hapa?"

"Nimekuja kwa sehemu za Cucu," nikasema. "Zote mbili."

Alinipimia. Nikashuka ndani, nikachimba katikati ya Njeri na mama mkwe wake mpaka nikazimaliza. Kisha nikanawa miguu mtoni na kwenda kazini.